Kabla Kitovu Hakijaanguka

Nimestaafu tangu mwezi uliopita na tayari nimechoka kupumzika. Hapa mtaani Kambarage majirani wanapita asubuhi kunisalimia, shikamoo, marahaba, halafu wanaulizia dawa ya kikohozi, nami ndani sina hata aspirini. Basi nimekaa kuandika yale mliyoniomba, ninyi manesi na wakunga vijana niliowaacha kule kwenye zahanati ya misheni, upande wa Ushirombo. Nimesikia pia kwamba mnataka kusafisha kabati la wodi ya wazazi na kuchoma madaftari ya zamani. Chomeni mnayotaka. Lile la jalada la kijani, ambalo mgongo wake umeshonwa kwa uzi wa kufungia vitovu, msiliguse mpaka mmalize kusoma hapa.

Nilifika pale miaka ya sitini, nikiwa na cheti kipya na viatu vyeupe vilivyonibana vidole. Mkuu wa wodi alikuwa Sista Benedikta, mtawa kutoka Bukoba, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta upande mmoja. Hakuuliza cheti changu. Alisema, "Nionyeshe mikono." Nikamwonyesha. Akachukua mkasi wa wodi akanikata kucha mwenyewe, moja moja, huku wazazi wanatazama na kucheka. "Hizi kucha ni za harusi," alisema. "Hapa tuna kazi." Siku hiyo sikushika mgonjwa. Nilichemsha nyuzi, wembe na mikasi juu ya stovu ya mafuta ya taa, na kila nilipotaka kuepua aliniambia bado.

Vifaa vilikuwa vichache. Kile cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, ambacho bado mnacho, alinifundisha kukitumia nikiwa nimefumba macho. Alisema macho yanamdanganya nesi, yanamwambia mama mnene ana mtoto mnene. Nilisikiliza wiki nzima bila kusikia kitu zaidi ya tumbo la mama likinguruma kwa njaa. Siku nilipousikia moyo wa mtoto kwa mara ya kwanza nilipiga kelele, na Sista akanitoa nje nikatulie.

Sasa niwaeleze yale maandishi ya ukutani, maana najua mmeyapaka chokaa. Kwa watu wa kule, mama aliyejifungua hatoki ndani mpaka kitovu cha mtoto kianguke. Kikianguka kinazikwa nyumbani kwao, na hapo ndipo mtoto anahesabiwa kuwa amefika. Mimi binti wa mjini niliona ni ushamba mtupu. Siku moja nikasema hivyo mbele ya Sista.

"Unajua mama aliyejifungua akirudi nyumbani siku ya pili anapewa nini?" aliniuliza.

"Uji, Sista."

"Jembe," alisema. "Waache na kitovu chao. Wanapata wiki moja ya kulala, na sisi tunapata wiki moja ya kuangalia kidonda."

Akaagiza rangi ya bluu ikaandikwa ukutani, chini ya msalaba: HAKUNA RUHUSA KABLA KITOVU HAKIJAANGUKA. Na sheria ya pili, ambayo haikuandikwa, ilikuwa kwamba anayetoa ruhusa ni nesi wa zamu peke yake, na anasaini kwenye daftari. Alikuja mume mmoja na baiskeli, analalamika kwamba ng'ombe hawana wa kuwakamua na anataka mke wake siku hiyo hiyo. Sista alimsikiliza mpaka mwisho, akampa ufagio akamwonyesha uwanja. Aliufagia wote, na mke hakupewa. Baada ya hapo waume waliacha kuja na baiskeli.

Kila asubuhi kabla ya kupita vitandani tulisali. Sista hakupenda sala ndefu, alisema wagonjwa nao wana zamu yao. Lakini alipenda kutukumbusha kwamba katika Maandiko wamo wakunga waliomcha Mungu kuliko mfalme, wakawaacha watoto waishi. Siku moja nikamchokoza. "Lakini Sista, hao wakunga si walimdanganya mfalme?"

"Walimdanganya," alisema. "Hawakuwa na daftari. Sisi tunalo."

Nilicheka tu. Nilidhani ni utani wa kitawa.

Ikaja operesheni ya kuwahamisha watu kwenye vijiji vya pamoja. Sitasema kwamba wazo lote lilikuwa baya. Shule tuliitaka, maji tuliyataka, na kuna waliohama kwa hiari yao wakiimba. Lakini upande wetu mambo yalikwenda kwa haraka, na haraka hiyo ilikuwa na mgambo. Watu walipewa siku chache, na asiyetoka aliezuliwa paa yeye akiwa ndani. Kuna nyumba zilichomwa na akiba ya mtama ikiwa darini. Aliyesimamia kazi hiyo pale kwetu tulimwita Ndugu Msimamizi. Jina lake siliandiki, ana wajukuu. Alikuwa Mkristo kama sisi, Jumapili anakaa benchi la pili na kitabu chake cha nyimbo, ana sauti nzuri.

Mara ya kwanza alikuja wakati Sista yuko Kahama kuchukua dawa. Zamu ilikuwa yangu. Wodini alikuwemo mzazi mmoja tu, Minza, binti mdogo, uzazi wake wa kwanza, mtoto wa kiume, siku ya nne. Msimamizi alisimama mlangoni na mgambo mwenye bunduki nyuma yake. Alisema kijiji kizima cha Minza kimeshapanda lori, mama mkwe wake yumo, mume yumo, na yeye hawezi kuacha lori lingurume kwa sababu ya mtu mmoja anayelala kitandani.

Nilimwonyesha ukuta. Alisoma, akasema, "Huo ukuta unaitwa nani?"

Ni maneno ya kijinga, lakini bunduki ilikuwa pale, nami nikaishiwa. Nilijisemea kwamba Maandiko yanataka tutii mamlaka. Nikasema labda ni heri awe na ndugu zake. Nikasema mtoto ana afya. Mtu akiogopa anapata sababu nyingi nzuri. Nikafungua daftari nikasaini. Minza alinitazama wakati naandika. Hakujua kusoma, lakini alijua ni kitu gani naandika. Alifunga mtoto kwenye khanga akatoka, kitovu bado kimening'inia.

Mvua ya kwanza ya mwaka ule ilinyesha lori likiwa njiani. Kule walikopelekwa hapakuwa na nyumba hata moja, palikuwa na vigingi vimepigwa kwenye mstari. Walilala chini ya turubai pamoja na kuku, matopeni. Siku yao ya tatu kule mtoto alishindwa kunyonya, taya likakaza, mgongo ukajikunja. Ninyi ni wakunga, mnajua hiyo ni nini. Siku ya tano alikufa.

Habari zilitufikia Sista akiwa amerudi. Nilingoja anifokee, nilitaka anifokee. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Halafu akafungua daftari la kijani, akaweka kidole kwenye safu ya mwisho, ile ya maelezo, mbele ya jina la Minza.

"Andika," alisema.

"Niandike nini, Sista?"

"Kilichotokea."

Nikaandika: Alihamishwa kwa amri. Akasoma, akatikisa kichwa. "Hilo ni la Msimamizi. Andika la kwako. Saini ni ya nani?"

Nilikaa na ile kalamu mpaka chai ikapoa. Mwishowe nikaandika: Niliruhusu kabla kitovu hakijaanguka, kwa kuogopa. Mtoto alikufa kwa pepopunda. Sista akasoma, akasema haya, twende tukabadilishe mashuka.

Nilikwenda kuungama kwa Padre. Aliniondolea dhambi vizuri kabisa, kwa upole, hata nikatoka nimepona nusu. Nilipomwambia Sista alisema, "Vizuri. Sasa nenda kwa Minza." Nilitembea tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Nilimkuta Minza anakanda udongo wa ukuta. Nilimsalimia Kisukuma, "Ng'wangaluka, ng'wana wane," yaani umeamkaje, mwanangu. Akaongeza maji kwenye udongo. Nikasema niliyokwenda kusema, kwamba kosa ni langu na kwamba nimeliandika. Aliendelea kukanda. Mama mkwe wake ndiye aliyenipa maji ya kunywa. Nilirudi, na sikumwambia Sista kama nimesamehewa maana sikusamehewa.

Wiki mbili baadaye Msimamizi alirudi kwa awamu ya pili. Wazazi walikuwa watatu. Aliyekuwa na hali mbaya ni Nkwimba, siku yake ya pili, alikuwa amepoteza damu nyingi na akisimama anaona giza. Msimamizi alikuja saa nne asubuhi na mgambo wawili. Sista alikuwa mezani anakunja bandeji.

"Sista, nimekuja kuchukua wananchi wangu," alisema.

Sista hakusimama. "Karibu, ndugu. Leo mimi si wa zamu. Wa zamu ni huyo."

Ilikuwa kweli, lakini nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Alikuwa na cheo, miaka yake na kanzu yake ya kitawa, na ananisukuma mimi mbele! Nilimchukia kwa muda wa dakika moja hivi, na mpaka leo sijamaliza kumshukuru.

"Nesi, andika ruhusa za hawa watatu."

"Shikamoo, ndugu," nilisema, maana alikuwa mkubwa wangu.

"Marahaba. Andika."

"Vitovu havijaanguka."

"Kitovu na operesheni, wapi na wapi?"

"Hata mimi mwaka wa kwanza niliuliza hivyo hivyo."

"Unanifanyia mzaha?"

"Sifanyi mzaha, ndugu. Naogopa sana." Mgambo mmoja aliposikia hivyo akatazama pembeni. "Lakini siwaruhusu. Ukitaka watoke, andika wewe. Hapa, safu ya mwisho. Andika kwamba umewaruhusu wewe, uweke na jina."

Nilimgeuzia daftari, nikampa kalamu. Aliichukua. Alikuwa mtu wa ofisi, akiona safu tupu mkono unakwenda wenyewe. Akainama, na alipoinama akaona mstari wa Minza, juu kidogo. Alisoma akitembeza midomo.

"Nani ameandika upuuzi huu?"

"Mimi."

"Kwa kuogopa nani?"

"Kwa kukuogopa wewe, ndugu."

Aliuliza kwa sauti ndogo, "Huyo mtoto alikufa?" Nikamwambia alikufa siku ya tano. Akaweka kalamu chini. Ningependa kuwaambia kwamba aliguswa moyo akaondoka. Alisema, "Chana huu ukurasa."

"Kurasa zina namba, ndugu."

"Nimesema chana!"

Akalishika daftari, nami nikalishika. Tukavutana, watu wazima wawili, Wakristo wa kanisa moja, mbele ya wanawake waliolala. Mgongo wa daftari ukararuka vipande viwili, kile chenye ukurasa wa Minza kikabaki kwangu, nikakikumbatia. Yule mgambo aliyetazama pembeni akacheka, bila kutaka nadhani. Hicho kicheko ndicho kilichonifunga. Msimamizi aliamuru nikamatwe kwa kupinga operesheni.

"Mwacheni avae viatu," Sista alisema. Ndilo neno pekee alilowaambia. Alichukua kipande cha daftari mikononi mwangu na kile kilichoangukia sakafuni, akaviweka mfukoni mwa vazi lake, akarudi kukunja bandeji.

Nilifungiwa kwenye ghala la pamba siku tatu. Kwa habari ya malazi sina malalamiko, nililala juu ya pamba iliyobaki kutoka msimu uliopita, na hakuna kitanda cha misheni kilichowahi kuwa laini namna ile. Hofu ndiyo iliyonitesa. Nilidhani kwamba nikiwa upande wa haki nitajisikia kama mashahidi wa kwenye picha za kanisani, wanatazama juu. Mimi nilitazama mlango. Nilijaribu kusali nikashindwa, mwishowe nikamwambia Mungu wazi wazi: mimi si jasiri, leo imetokea tu, usinizoee.

Kila asubuhi Sista aliniletea uji, mlinzi akanikabidhi. Chini ya kikombe kulikuwa na kipande cha karatasi. Siku ya kwanza kiliandikwa: Nkwimba yupo. Bado. Siku ya pili: Yupo. Bado. Nilikaa na neno hilo mchana kutwa. Kama wangemchukua kwa nguvu hakuna ambaye angewazuia, Sista alikuwa mwanamke wa miaka sitini na ufagio. Siku ya tatu karatasi ilisema: Kimeanguka. Nililia mpaka mlinzi akauliza kama uji ulikuwa na chumvi.

Kwa nini Msimamizi hakuwachukua sijui. Alikuja mara mbili mpaka mlangoni, Sista aliniambia, na mara zote mbili alimkuta ameweka kalamu mezani pamoja na ukurasa mtupu. Aliutazama, akaondoka. Pengine aliogopa dhambi, pengine aliogopa saini. Mimi mwenyewe sikutolewa ghalani kwa haki wala kwa sala. Mbegu za pamba za msimu mpya zilifika na walihitaji nafasi.

Lakini barua ya kunishtaki iliandikwa, na misheni ikaona ni busara nisionekane. Nilipelekwa zahanati ndogo upande wa Kharumwa kwa miaka miwili. Nilizalisha wake wa wakulima na wa wachimba dhahabu, na sheria ya kitovu niliibandika ukutani kule pia. Niliporudi, Msimamizi alikuwa bado benchi la pili. Mimi nilichagua la tatu, nyuma yake. Hatukuwahi kusalimiana, ila niliona kwamba wimbo wa toba ukianza alikuwa haimbi.

Mwezi ule ule niliorudi, asubuhi moja nilimkuta Minza amekaa kwenye ngazi za wodi, mimba imetimia, miguu ina vumbi mpaka magotini. Alikuwa amepita zahanati mbili njiani. Yeye ndiye aliyeanza salamu. Nikamwambia, "Mbona umetembea hivi? Kule karibu nanyi kuna nesi mzuri."

"Ni mzuri," alisema. "Lakini huyo sijui ataogopa lini. Wewe umeshaogopa."

Alijifungua mchana, mtoto wa kike, bila shida. Nilimweka siku saba. Kitovu kilipoanguka alikifunga kwenye kitambaa ili akakizike kwenye kizingiti cha nyumba yake mpya, ambayo sasa ilikuwa na bati. Alipomaliza kufunga mzigo hakuondoka. Alisema anataka kuliona lile andiko nililomwambia siku ile ya udongo.

Nikaleta daftari. Sista alikuwa amelishona mwenyewe, kwa mshono anaoutumia kwa wagonjwa. Nikamsomea. Minza akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akaweka kidole kwenye karatasi, karibu na neno la mwisho.

"Jina lake liko wapi?"

Halikuwepo. Safu ya jina la mtoto ilikuwa tupu, siku ya nne hajapewa jina. Minza akasema bibi wa mtoto alimpa jina ndani ya lori, mvua ilipoanza. Mabula. "Yeye aliondoka na kitovu chake," alisema, "hakikuzikwa popote." Na kaburi lake, kule kwenye vigingi, lilikuwa limeshapitiwa na trekta. Basi nikaandika jina: Mabula. Wino ni mwekundu kwa sababu wa bluu ulikuwa umekwisha, msidhani kuna maana nyingine. Ndipo akanipa mkono.

Tangu hapo Minza huja kila mwaka mvua zikikaribia. Hazungumzi sana. Mwezi ujao atakuja, na mimi sitakuwepo. Mpeni kiti na maji. Toeni daftari la kijani, fungueni ukurasa wa arobaini na saba, mumsomee mstari wote pamoja na jina. Msomeeni polepole. Yeye hajui kusoma, lakini mkiruka neno atajua.